Kusimama Mahali Pamoja: Asubuhi ya Karate Bagamoyo

Watu wengi walioijua karate kwa njia ya senema, na hao ni aghalabu ya watu wa rika langu tuliojaza viti vya Empire, Avalon na Odeon mjini Dar es Salaam katika zama za Bruce Lee, huitakidi hata leo kwamba mazoezi yake ni mateke ya angani, makelele na matofali yanayopasuka. Na mtu wa namna hiyo akijaaliwa kuhudhuria darasa la mwalimu aliyekula chumvi nyingi katika fani hii, hustaajabu kuona sehemu kubwa ya wakati ikipita pasipo mtu kumgusa mwenzake, na wanafunzi wakitiririka jasho hali wamesimama palepale walipoanzia. Mimi nilikwenda Bagamoyo nikiwa nimekwisha kuonywa juu ya jambo hilo, na bado lilinishangaza. Kazi kubwa ya mafunzo haya, nionavyo, ni kumfundisha mwanadamu kusimama na kupumua, mambo mawili ambayo kila mmoja wetu hudhani aliyamaliza utotoni. Ngumi na mateke huja nyuma yake, na kwa baadhi ya watu huchelewa sana kuja.

Darasa hufanyika ufukoni, si mbali na Forodha kongwe na soko la samaki, baada ya sala ya alfajiri, wakati maji yamekupwa na mchanga ungali mgumu na baridi. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo ukivuma kwa adabu, na wavuvi waliokesha baharini walikuwa wakiteremsha matenga yao pasipo kututazama, maana kwao si jambo geni. Wanafunzi wapatao ishirini walikuwa wamekwisha kujipanga safu, wenye vyeo kulia na wachanga kushoto: mwuguzi mmoja aliyekuwa mkubwa wao, fundi wa ngalawa, dereva wa bodaboda, wasichana wa sekondari, karani atokaye Kerege kwa gari la kwanza, na vijana wawili wa sarakasi kutoka TaSUBa, ile taasisi iliyoanzishwa mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa, na ambayo wenyeji wengi bado huiita hivyo. Mwalimu alitokea upande wa mji, mtu mfupi, mkavu wa mwili, aliyeupita umri wa miaka sitini, akichechemea kidogo kwa goti la kushoto, na mkanda wake mweusi umechakaa hata nyuzi nyeupe za ndani zimetokeza. Aliniomba nisiliandike jina lake, nami nimemtii. Wanafunzi wakainama kwa desturi ya Kijapani, kisha, jambo ambalo sidhani kama litaonekana katika mji wa Naha, kisiwani Okinawa, ilikotoka fani hii, wakatamka kwa pamoja, "Shikamoo, Sensei," naye akaitikia "Marahaba" kwa taadhima kabla ya kuwaamuru waanze.

Huanza na vidole vya miguu. Kila kiungo hupata haki yake kwa zamu, kutoka unyayo kwenda kifundo, goti, nyonga, kiuno, bega na shingo, kwa mizunguko ya taratibu ambayo mgeni huiona kuwa ni kupoteza wakati mpaka atakapokumbuka kwamba mtu huumia mazoezini, mara nyingi, kwa sababu ya kiungo alichokipuuza. Baada ya hayo huja mkao uitwao shiko-dachi: miguu hupanuliwa kupita mabega, vidole hutazama nje, magoti hukunjwa mpaka mapaja yakaribie kulala sawa na ardhi, na mgongo hubaki wima kana kwamba umefungwa kwenye boriti. Dakika ya kwanza ni mzaha. Katika ya pili mapaja huanza kutetemeka, kwa kuwa msuli unaokazwa pasipo kulegezwa huibana mishipa yake wenyewe, damu ikapita kwa taabu, na moto ukawaka ndani ya nyama, na hapo ndipo mwalimu alipoanza kutembea katikati ya safu na ufito wake mwembamba wa mkoko, akiugusisha tu nyuma ya goti la huyu na kiunoni mwa yule, bila ya kumchapa mtu, na kusema kwa sauti ya chini, "Shuka." Yule dereva wa bodaboda, kijana mwenye mapaja kama ya farasi, aliyekuwa amenionyesha kabla ya darasa teke linalofika juu ya kichwa chake, ndiye aliyeinuka kwanza. Mwuguzi, mama wa makamo, alibaki chini mpaka amri ya mwisho, uso umekunjamana, pumzi zikiingia na kutoka puani kwa kipimo.

Ngumi za hewani zilizofuata, mamia kwa mamia kwa hesabu ya Kijapani iliyotamkwa kwa lafudhi ya Kizaramo, nazipita, maana ukiiona moja umeziona zote. Vyombo vya mazoezi ndivyo vilivyonishika macho. Okinawa wanacho kifaa kiitwacho chi-ishi, yaani jiwe lililotiwa mpini, ambacho mtu hukishika kwa mkono mmoja na kukizungusha polepole ili aimarishe kifundo na bega. Hapa Bagamoyo kimetengenezwa kwa saruji iliyomiminwa ndani ya kopo la rangi, na mpini wake ni ufito wa mkoko. Kule wanayo mitungi maalumu inayobebwa kwa kushika mdomo wake kwa ncha za vidole. Hapa ni mitungi ya mfinyanzi ya kawaida iliyotiwa mchanga, na kila mwezi mchanga huongezwa kidogo. Makiwara, ule ubao uliosimikwa ardhini ili upigwe kwa ngumi, ambao huko kwao husongwa kamba ya majani makavu ya mpunga, hapa umesongwa kamba ya makumbi ya nazi, ile ile inayofungia vyombo ufukoni. Niliupapasa kwa kidole nikaona jinsi kamba ilivyolainika na kung'aa mahali pa ngumi, pana kiasi cha kiganja, na ilivyobaki na miba yake juu na chini. Fundi wa ngalawa ndiye aliyeisokota. Aliniambia kwamba ubao sharti uwe unapinda kidogo unapopigwa, kwani ubao usiopinda huurudishia mkono nguvu yake yote na kuuharibu. Maneno hayo ya fundi niliyasadiki upesi kuliko kama yangetoka kwa mpiganaji.

Mtindo unaofundishwa hapa huitwa Goju-Ryu, nao ni mmojawapo wa mitindo mikuu ya karate ya Okinawa. Asili yake ni Kanryo Higaonna, mtu wa Naha, aliyesafiri kwenda Fuzhou, bandari ya kusini ya Uchina, katika karne ya kumi na tisa, akajifunza huko fani za mikono mitupu na kurejea nazo kwao. Na mwanafunzi wake mashuhuri, Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888 na kuingia katika darasa la Higaonna mwaka 1902, ndiye aliyeupanga mtindo huo na kuupa jina, akafariki mwaka 1953. Basi ni fani ya watu wa bandari, iliyovuka bahari kwa jahazi pamoja na bidhaa, na labda ndiyo sababu haionekani kuwa mgeni inapokanyaga mchanga wa mji kama Bagamoyo, ambao nao ulijengwa na watu waliokuja na waliopita.

Huku kwetu ilifika kwa njia nyingine. Mnamo mwaka 1973, mwaka ule ule aliofariki Bruce Lee, Mmarekani mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alianzisha mafunzo ya Goju-Ryu mjini Dar es Salaam, katika shule ya Zanaki, na dojo lake, yaani mahali pake pa mazoezi, likajulikana kwa jina la Hekalu la Kujilinda. Zama zile, baada ya Azimio la Arusha na kabla kidogo ya ule Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam mwezi Juni 1974, Wamarekani weusi wengi walikuja Tanzania kutafuta maskani na kazi ya maana, wakaleta elimu walizokuwa nazo; na miongoni mwa hizo, elimu iliyoingia mitaani kwa kasi kuliko nyingi ni hii. Senema iliwavuta vijana hadi mlangoni, na mwalimu akawapunguza. Mwalimu wetu wa Bagamoyo alijifunza kwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo, na anakumbuka vizuri jinsi darasa lililoanza na umati lilivyobaki na watu wachache baada ya mwezi, wakati ilipodhihiri kwamba hapatakuwa na mateke ya angani.

Kiini cha darasa ni kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, iitwayo Sanchin, na hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, maana hakuna jambo nililoliona siku hiyo lililonisumbua akili kama hili. Kwa macho ni kitu kidogo mno: mtu husimama mguu mmoja mbele, vidole vimeelekea ndani, magoti yamekunjwa kidogo, makalio yamevutwa chini, viwiko viko karibu na mbavu kiasi cha ngumi moja, ngumi zimefika urefu wa mabega, kisha husonga hatua chache mbele kwa kuburura mguu katika nusu duara, akitoa ngumi moja moja polepole na kuirudisha. Hayo tu. Lakini kila hatua hufungwa na pumzi iliyoshushwa mpaka chini ya kitovu na kutolewa kinywani kwa sauti ya kukwaruza, huku mwili mzima, tangu vidole vilivyoshika mchanga mpaka shingo, umekazwa kwa pamoja. Huhadithiwa kwamba Higaonna aliwaweka wanafunzi katika kata hii peke yake kwa miaka kabla ya kuwafundisha nyingine yoyote.

Wanafunzi walivua fulana, wanawake wakabaki na zao, na mwalimu akaanza kuwakagua mmoja mmoja. Alipofika nyuma ya fundi wa ngalawa aliweka viganja vyake mabegani mwake kwa upole, kama atakaye kumkanda, kisha akavipiga kwa kishindo kilichosikika mpaka sokoni, fundi hakupepesa. Akampiga mapajani, akamsukuma kiunoni, akamvuta ngumi iliyokuwa inarudi, akaweka ncha ya vidole chini ya mbavu na kusubiri kuona kama pumzi itakatika. Ilikatika. Bega la kulia likapanda kiasi cha unene wa kidole, na mwalimu akalishusha kwa kidole kimoja, akanong'ona neno, na kata ikaanza upya. Ukaguzi huu huonekana kwa mpitaji kuwa ukatili, nami sikatai kwamba kwa mwalimu mwenye ghadhabu unaweza kugeuka kuwa hivyo. Lakini huyu hakupiga asipotaka kuuliza, na mwili wa mwanafunzi ndio uliokuwa ukimjibu mahali gani pamelegea na mahali gani pamekazwa bure.

Mtu wa pwani hawezi kuyatazama hayo pasipo kukumbuka mambo ya nyumbani. Bagamoyo ni mji wa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka nchi ya Kongo, akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa mrima wote. Na katika ziara ya kila mwaka wafuasi wa tarika husimama safu na kuleta dhikri, pumzi za watu wengi zikiwa moja. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa, hasha, kwani dhikri ni ibada na karate ni mazoezi ya mwili, na kuyachanganya ni kukosa adabu kwa yote mawili. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia katika mji ambamo pumzi huhesabiwa kuwa na taratibu, na ambamo mwanachuoni huulizwa kwanza amesoma kwa nani na huyo naye alisoma kwa nani, hahitaji kufafanuliwa sana kwa nini Sensei wa ufukoni huwataja walimu wake kwa mfululizo, kutoka Zanaki hata Naha, kabla ya kumkubali mwanafunzi mpya. Elimu yake haikuandikwa katika kitabu chochote. Imo katika magoti na mabega, na ikikatika mahali pamoja imekatika.

Wala hatukuwa mikono mitupu kabla ya karate kuja. Lamu na Pemba zina ngoma ya kirumbizi, ambayo wanaume huichezea bakora mbele ya zumari na vigoma, mmoja akishambulia na mwenzake akikinga, na anayejua huonekana kwa miguu yake zaidi kuliko kwa fimbo. Na Makunduchi, kusini ya Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, vijana hupigana kwa migomba ili watoe vinyongo vya mwaka mzima. Nasikitika kuona kirumbizi kinaachwa kiwe pambo la harusi na la watalii wakati vijana wanalipa ada kujifunza kukinga mkono kwa Kijapani, ingawa kosa hilo si la karate.

Mapambano yenyewe yalikuja mwishoni, nayo yalikuwa mafupi. Wawili wawili waligusanisha mikono kwenye vifundo na kusukumana kwa mzunguko, kila mmoja akitafuta mahali ambapo mwenzake amejikaza kupita kiasi ili amvute huko huko. Kisha wakapewa dakika chache za kupigana huru kwa ngumi zisizofika usoni. Dereva wa bodaboda aliletwa kwa mwuguzi. Alirusha lile teke lake zuri, na mama yule, ambaye hakuwa na haraka yoyote, aliingia ndani ya teke hatua moja, akaushika mguu wake wa ardhini kwa unyayo, na kijana akakaa mchangani. Wavuvi wawili walicheka. Aliinuka, akainama, akarudia kosa lile lile.

Mzazi anayefikiri kumpeleka mwanawe katika darasa la namna hii ana haki ya kuuliza maswali, na kwa maoni yangu asiulize kwanza habari za mikanda. Mikanda ya rangi ilitokana na judo, na vyeo vya mkanda mweusi vilianza kutolewa katika karate mwaka 1924, tena huko Japani bara. Okinawa wa zamani walijuana bila hiyo. Aulize mwalimu alijifunza kwa nani, na kama chama chake kimesajiliwa kwa taratibu za Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kisha aketi pembeni darasa zima na atazame kama mwalimu anajua lini amwache mtu apumzike. Wenye shinikizo la damu nao wapate ushauri wa daktari kabla ya kuikaribia Sanchin, kwa kuwa kukaza mwili huku pumzi imezuiwa hupandisha shinikizo kwa ghafula. Mwuguzi hukagua jambo hilo mwenyewe, ana kipimo chake mkobani, na mzee mmoja mstaafu amezuiwa naye kukaza, akaambiwa afanye kata ile ile kwa ulaini, pumzi ikipita huru.

Darasa lilipokwisha, jua limekwisha kupanda na mchanga unaanza kuchoma, niliwakuta mwalimu na mwuguzi wakibishana chini ya mkungu. Kwa muda mrefu mwalimu alikuwa akimtaka mwuguzi aanzishe darasa la watoto, naye mwuguzi akikataa kwa kusema hajafikia. Mwaka huu amekubali, na mara alipokubali akaleta masharti. La kwanza ni kwamba watoto wasiupige ubao wala wasipige pushapu kwa ngumi, kwa sababu mifupa yao ingali inakua na ncha zake ni laini, na madhara yake huweza kudumu. Mwalimu alisema yeye aliupiga ubao akiwa na miaka kumi na miwili. Mwuguzi akamwomba aonyeshe mkono wake wa kulia aukunje ngumi kamili mbele ya mgeni, na kidole cha kati kikakataa kukunjika. Akaongeza kwamba Miyagi mwenyewe, ilipofika mwaka 1940, alitunga kata nyepesi za Gekisai kwa ajili ya vijana wa shule, akijua kwamba si kila mtu ataanza na Sanchin.

"Haya, binti yangu, ubao nimewasamehe," akasema mwalimu. "Lakini shiko-dachi watakaa."

"Watakaa, Sensei, kwa hesabu ya kumi."

"Thelathini."

"Kumi, na nitahesabu mimi."